Msikiti wa Kilwa Ulioanguka na Kujengwa Tena

Mtu asafiriye pwani ya kusini ya Tanzania hufika Kilwa Masoko, katika Mkoa wa Lindi. Akisimama pwani na kutazama ng'ambo ya maji, huona kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Akivuka kwa mashua, hukuta huko magofu ya Msikiti Mkuu. Kuta zake ni za mawe, na sehemu kubwa ya paa lake la matao na makuba imesimama hata leo, baada ya miaka karibu 600. Walakini paa hilo si la kwanza. Lililotangulia lilianguka, na habari ya kuanguka kwake yafaa kujulikana na kila atakaye kuwa fundi.

Kazi ya fundi huanza kwa haja. Kilwa ulikuwa mji wa biashara. Dhahabu ya Sofala ilipita hapo, na vyombo vilikuja kwa upepo wa kaskazi kutoka Arabuni. Msikiti wa kwanza, uliojengwa katika karne ya 11 au ya 12, ulikuwa na nguzo 9 tu na paa bapa. Katika karne ya 14 Sultani al-Hassan bin Sulaiman, aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa, alitaka msikiti mkubwa zaidi, uufaao mji wake.

Haja ikiisha kujulikana, fundi hufikiri ana vitu gani vya kujengea, na kila kitu chaweza nini. Mafundi wa pwani walikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni matumbawe. Matumbawe yaliyotolewa baharini ni laini yangali mabichi, hata mtu aweza kuyachonga kwa tezo. Yakikaa hewani huwa magumu. Cha pili ni chokaa. Watu walipanga magogo, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakavichoma; kisha wakayaacha majivu yale meupe yapate mvua na umande kwa miezi kadhaa, mpaka yakafaa kwa kujengea. Cha tatu ni boriti za mikoko, ambazo haziliwi upesi na mchwa.

Lakini kila kitu kina mpaka wake. Boriti za mikoko hazikuweza kuchukua dari pana kupita mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za kale ni virefu, lakini vyembamba. Atakaye nafasi pana hana budi kusimamisha nguzo nyingi, au kutafuta njia nyingine. Mafundi wa Sultani walitafuta njia nyingine: wakajenga matao na makuba ya mawe juu ya nguzo. Kila nguzo ilikuwa jiwe moja la matumbawe lililochongwa. Ilikuwa kazi nzuri mno, lakini haikudumu. Jengo likaanguka, na kwa miaka mingi likabaki magofu.

Tao lina siri yake. Wavulana wawili wakisimama mbalimbali kidogo na kuegemeana kwa viganja, kila mmoja humzuia mwenziwe asianguke. Lakini miguu ya mmoja wao ikiteleza nyuma, wote wawili huanguka. Ndivyo lilivyo tao. Mawe yake hushikana kwa kuegemeana, na uzito wake hausukumi chini tu, bali husukuma nje pia. Basi nguzo au ukuta ulio chini yake ukijongea kidogo tu, tao hupasuka. Boriti haisukumi hivyo. Hukandamiza chini tu. Kwa hiyo fundi aliyezoea dari za boriti, akianza kujenga matao, hana budi kujifunza jambo jipya.

Katika karne ya 15, zamani za Sultani Sulaiman bin Muhammad, msikiti ulijengwa tena. Mafundi wa wakati ule hawakuacha makuba kwa sababu ya hofu, wala hawakurudia kazi ya kwanza vilevile. Waliacha nguzo za jiwe moja, wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe mengi madogo yaliyoshikwa kwa chokaa. Nguzo hizo hazikuwa na fahari ya jiwe moja lililochongwa, lakini ndizo zilizosimama. Haja, vitu, shauri, kazi, kosa, na shauri jipya: hiyo ndiyo njia ya kubuni, na wajenzi wa madaraja na mitambo huifuata hata leo.

Majengo hayo yaligeuza maisha ya watu. Yaliwapa kazi waashi, wachoma chokaa, wakata mikoko na wenye mashua. Yaliupa mji sifa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Lakini yalikuwa na gharama yake pia. Tanuu la chokaa hula kuni nyingi, na matumbawe yakivunjwa samaki hukosa makao. Tena si kila mtu aliyelala chini ya dari ya mawe. Watu wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti na udongo. Kwa hiyo mwenye kubuni kitu haimpasi kuuliza tu kama kitasimama, bali pia ni nani atakayefaidiwa nacho, na ni nani atakayelipa.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mvua, mizizi na mawimbi yalikuwa yakiyaharibu. Ikawa kazi nyingine ya kufikiri. Saruji ni ngumu kupita matumbawe, nayo huzuia unyevu usitoke ukutani. Kwa hiyo ukuta wa kale hufaa kutengenezwa kwa chokaa, kama ulivyojengwa. Mwaka 2014 magofu yalitolewa katika orodha ile ya hatari. Hata ufuoni shauri liligeuka: mikoko, ambayo zamani ilikatwa ili iwe boriti, sasa hupandwa ili izuie mawimbi yasile ardhi iliyo chini ya kuta.