Rangi ya mfuniko yaweza kuiua injini

WENYE magari ya kasi hupenda injini ing'ae boneti inapofunguliwa. Honda Civic Type R iliyotoka Japani mwaka wa 1997, kwa mfano, ilitambulika kwa mfuniko mwekundu juu ya injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 185. Miaka inapopita, joto na oili huichakaza rangi hiyo, na wengi huamua kuipaka upya.

Hata hivyo, vifuniko havilingani. Vile vya plastiki huficha nyaya na kupunguza kelele, na kuviondoa hakuidhuru injini. Mfuniko wa vali, kinyume chake, ndio unaozuia oili isimwagike. Ukitolewa, viungo vya ndani hubaki wazi.

Kwa hivyo, injini sharti iachwe ipoe, waya wa betri ufunguliwe na uchafu wa kandokando uondolewe kabla ya kulegeza nati yoyote. Mfuniko ukishatoka, injini ifunikwe kwa kitambaa safi.

Kisha mfuniko huoshwa hadi grisi iishe, na rangi kuukuu kuondolewa kwa dawa na msasa. Baadhi ya mafundi huikwangua kwa mchanga unaorushwa na mashine ya hewa. Hapo ndipo penye hatari kuu. Ndani ya mfuniko mna kibati kinachotenga oili na hewa, na chembe za mchanga hujificha nyuma yake. Injini ikiwashwa, oili huzibeba hadi kwenye beringi na kuziharibu. Aidha, rangi iliyopenya ndani hubambuka na huweza kuziba chujio la pampu ya oili. Ndiyo maana upande wa ndani na mfereji wa gasketi huzibwa kwa karatasi ya gundi kabla ya kupaka.

Rangi yenyewe iwe ya kustahimili joto, ipakwe tabaka jepesi baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke.

Wakati wa kurejesha mfuniko, ni vyema kutumia gasketi mpya. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha gari. Haraka haraka haina baraka: oili ikivuja na kudondokea ekzosi yenye moto, huleta moshi na hata kuliteketeza gari. Kabla ya safari, injini iachwe ingurume kwa muda huku kingo zote zikikaguliwa.