Sadaka na Zaka Zinazokatwa Katika Mshahara wa Mtumishi wa Serikali: Zipi Zinasihi na Zipi Hazisihi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa mas-ala yanayomhusu mtumishi wa serikali wa zama zetu ni makato ya mshahara. Hukatwa kodi, hukatwa akiba ya uzeeni, hukatwa deni la mkopo. Na katika baadhi ya nchi hukatwa pia, kwa ridhaa yake, fungu la kupelekwa kwa mafakiri na taasisi za misaada. Fedha hizi hazipiti mkononi mwake. Huona mstari mmoja tu katika hati ya mshahara, na wapo wanaoutazama mstari huo wakasema: "Zaka yangu nimeshatoa." Je, kweli ameshatoa? Hilo ndilo tunalotaka kulibainisha, kwani zaka ni nguzo ya Dini, na anayedhani amelipa ilhali hajalipa atakutana na Mola wake akiwa na deni shingoni.

Mfano wa Marekani

Mfano mashuhuri wa utaratibu huu ni ule wa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, ulioitwa Combined Federal Campaign, kwa kifupi CFC. Kabla yake watumishi walikuwa wakiendewa makazini na wachangishaji wengi, kila mmoja kwa wakati wake. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy alitoa amri ya kuuwekea kanuni uchangishaji huo, na katika miaka ya 1960 kampeni hizo zikaanza kuunganishwa kuwa moja, iliyofanyika mara moja kwa mwaka, na mtumishi akaruhusiwa kutoa kwa kukatwa mshahara. Tangu ilipoanza, kampeni hii ilikusanya zaidi ya dola bilioni 8.

Namna yake ilikuwa hii. Mtumishi alipewa orodha ya taasisi zilizokubaliwa, kila moja ikiwa na nambari yake. Alichagua taasisi aliyoitaka, akajaza kiasi cha kukatwa kila anapolipwa, kisha akathibitisha kwa idhini yake. Katika orodha hiyo zilikuwemo taasisi za kila aina: za wagonjwa, za utafiti wa maradhi, za mazingira, za kulinda wanyama, za makanisa, na pia za Waislamu, kama vile Islamic Relief USA. Ilikuwa sawa na soko lenye bidhaa nyingi. Anayeingia ndiye anayepaswa kujua amekuja kununua nini.

Makato katika zama za Makhalifa

Asije mtu akadhani kwamba jambo hili halina asili katika historia yetu. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipoanzisha diwani, Waislamu waliandikwa majina wakawa wanapewa 'ataa, yaani posho kutoka Baitul-Mali. Na kabla yake Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa akigawa 'ataa kwa watu.

Imam Malik amepokea katika Al-Muwatta' kwamba Abubakar alipokuwa akimpa mtu 'ataa yake, humuuliza kama anayo mali iliyowajibikiwa na zaka. Akisema anayo, huchukua zaka ya mali ile kutoka katika 'ataa. Akisema hana, humpa posho yake kamili bila ya kupunguza kitu. Imepokewa vilevile kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) akifanya hivyo hivyo. Kisha Imam Malik akapokea kutoka kwa Ibn Shihab kwamba wa mwanzo kuchukua zaka katika 'ataa zenyewe alikuwa Muawiya bin Abi Sufyan (r.a.).

Tuzingatie tofauti iliyopo. Abubakar na Uthman hawakuitoza zaka posho iliyokuwa inatolewa wakati ule. Walikata kutoka katika posho zaka ya mali nyingine iliyokwisha timiza masharti, na walimuuliza mwenyewe kwanza, wakaliamini jibu lake. Kwa hiyo kukata ni njia tu ya kulipa. Si kukata kunakoifanya fedha kuwa zaka. Kinachoifanya kuwa zaka ni masharti yake, nayo tutayataja moja baada ya jingine.

Jambo la kwanza: ridhaa

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mali ya Mwislamu si halali kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Zaka, kwa kuwa ni haki iliyofaradhishwa, kiongozi wa Waislamu anayo mamlaka ya kuidai. Ama sadaka ya khiari haina mdai. Mkuu wa idara anayemwita mtumishi wake na kumwuliza kwa nini jina lake halimo miongoni mwa waliotoa, huyo anachukua kwa haya kile asichoweza kukichukua kwa haki. Na maulamaa wametahadharisha kwamba kinachochukuliwa kwa kumtahayarisha mtu kina hukumu ya kilichochukuliwa kwa nguvu.

Inafaa kutaja kwamba hata kanuni za kampeni ile ya Marekani zilikataza jambo hili waziwazi: mkuu asimwulize aliye chini yake kama ametoa au kiasi gani ametoa, pasiwekwe lengo la kwamba watu wote asilimia 100 lazima watoe, na isitengenezwe orodha ya wasiotoa. Ikiwa wasiokuwa Waislamu wameliona hili, sisi tuliofundishwa katika Suratul-Baqara kwamba kuwapa mafakiri kwa siri ni kheri kwetu, tuna haki zaidi ya kulichunga.

Jambo la pili: nia

Zaka ni ibada, na ibada haisihi bila ya nia. Fedha iliyokatwa mwaka mzima kwa nia ya kusaidia tu ni sadaka, na mwenyewe atapata ujira wake inshaAllah. Lakini hawezi mwisho wa mwaka kuigeuza kuwa zaka, kwani imeshatoka mikononi mwake bila ya nia ya faradhi.

Basi anayetaka iwe zaka anuie hivyo anapoidhinisha makato, na kwa tahadhari aihuishe nia yake kila siku ya mshahara. Ofisi inayokata na kupeleka ni wakala wake tu. Na wala haidhuru wakala huyo kutokuwa Mwislamu, kwani Imam An-Nawawi ametaja katika Al-Majmu'u kwamba yajuzu kumwakilisha asiyekuwa Mwislamu katika kuitoa zaka. Lakini mwenye mali ndiye anayepaswa kuainisha inakokwenda.

Jambo la tatu: wanaopewa

Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameyataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Utafiti wa maradhi, hifadhi ya misitu na makazi ya wanyama ni mambo mema, lakini hayamo katika mafungu hayo. Vilevile jamhuri ya maulamaa wamesema kwamba fakiri asiyekuwa Mwislamu hapewi zaka, ingawa sadaka ya khiari hupewa, na mwenye kumpa hulipwa. Kwa hiyo aliyechagua taasisi ya namna hiyo ametoa sadaka, hata kama moyoni alinuia zaka.

Hata taasisi ya Kiislamu lazima iulizwe. Je, inayo hesabu ya zaka iliyotengwa na michango mingine? Asiyeuliza huenda zaka yake ikajenga ofisi au ikanunua gari, na fakiri asipate kitu.

Jambo la nne: mwaka na hesabu

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, mshahara hauna zaka siku unapopokelewa. Kinachotolewa zaka ni akiba iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria, na nisabu ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, kwa makadirio ya wengi. Baadhi ya maulamaa wa zama zetu, akiwemo Sheikh Yusuf Al-Qaradawi (aliyefariki mwaka 2022), wameona mshahara utolewe zaka unapopokelewa, na Malaysia wamekuwa na utaratibu wa kukata zaka katika mishahara. Hii ni khitilafu inayoheshimika.

Kwa anayefuata kauli ya Shafi, makato ya kila mwezi huingia katika mlango wa ta'ajil, yaani kuitanguliza zaka kabla ya mwaka kutimia. Jambo hili linajuzu, na dalili yake ni hadithi ya Al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), aliyeruhusiwa kuitanguliza zaka yake. Lakini sharti awe tayari anamiliki nisabu. Asiyekuwa nayo, anachokatwa ni sadaka.

Tuchukue mfano. Mtumishi wa Marekani hulipwa kila wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Tuseme ana nisabu, na kwa nia ya zaka akakatwa dola 30 kila anapolipwa. Jumla ni dola 780. Mwaka wake ulipotimia akahesabu akiba yake, pamoja na alichokitanguliza, akakuta dola 40,000. Zaka yake ni asilimia mbili na nusu, yaani dola 1,000. Amebakiwa na dola 220, na ni wajibu azitoe. Mstari wa hati ya mshahara haumwambii hilo. Lazima akae na kalamu.

Nasaha

Ndugu zetu maimamu, muumini akikujieni na hati yake ya mshahara, msimjibu kwa neno moja. Muulizeni: Uliridhia? Ulinuia nini? Ulimchagua nani? Je, unayo nisabu, na mwaka wako unatimia lini? Akijibu sawa, mpeni bishara njema. Akiwa amekosea, alichokatwa hakikupotea, kinabaki kuwa sadaka inshaAllah. Lakini deni la zaka bado analo, na mlango wa kulilipa ungali wazi maadamu yu hai.

Makhalifa waliuliza kabla ya kukata. Nasi tujiulize kabla ya kukatwa.

Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.