Si Kila Uvimbe Ukeni ni Jipu: Vivimbe Adimu vya Tishu Laini

Mwanamke auzaye vitenge Kariakoo hukaa juu ya kigoda tangu asubuhi hadi jioni. Akiota uvimbe katika shavu la uke, huuficha kwa haya, na pengine humeza dawa za dukani kabla ya kumwona daktari. Mara nyingi uvimbe wa mahali hapo huwa ni jipu au fuko la maji la tezi ya Batholini. Hata hivyo, zipo aina adimu zitokanazo na tishu laini, yaani mafuta, misuli, mishipa ya damu na nyuzi zinazoshikilia viungo.

Mojawapo ni angiomiksoma ya kina, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Steeper na Rosai mwaka 1983. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Ni laini, hukua polepole na aghalabu haiumi. Ni nadra sana kusambaa mwilini, lakini hupenya ndani ya nyonga, hata sehemu ionekanayo nje ikawa ndogo kuliko iliyofichika.

Jipu huuma, huwa na joto na hutokea kwa siku chache. Ngiri huongezeka mgonjwa akohoapo. Uvimbe usiolingana na hali hizo, unaorudi baada ya kupasuliwa, unaokua haraka, au unaozidi sentimita 5, usitumbuliwe kwa kubahatisha. Mgonjwa apewe rufaa, kwa mfano kutoka zahanati hadi Amana, na kutoka huko hadi Muhimbili.

Kipimo cha MRI huonyesha kina cha uvimbe, lakini jina lake huthibitishwa na mtaalamu wa patholojia kwa darubini. Kwa hiyo kinyama chochote kilichokatwa kihifadhiwe katika fomalini na kupelekwa maabara. Kukitupa ni kuutupa utambuzi.

Tiba kuu ni upasuaji wa kuuondoa uvimbe wote. Kwa kuwa angiomiksoma nyingi huitikia homoni za kike, dawa za kupunguza homoni hizo huweza kuusinyaza. Saratani ya tishu laini huweza kuhitaji pia mionzi au dawa, kama zitolewazo Ocean Road.

Angiomiksoma huweza kurudi baada ya miaka mingi. Mgonjwa aliyepona asiache kliniki, na atunze majibu yake ya patholojia. Haya isimcheleweshe mtu: daktari ameyaona mengi, na siri ya mgonjwa ni amana.