Wazazi Waliokataliwa Hija

Katika mwaka wa 1968, mume na mke wa Ufaransa waliomba kwenda hija Lourdes pamoja na Wakatoliki wa jimbo lao. Walikuwa na wana wawili, wote wenye ulemavu mkubwa wa akili. Wakajibiwa kwamba watoto hao hawatafahamu kitu, tena watawasumbua wengine. Basi wakaenda peke yao. Hoteli moja iliwapokea kwa sharti kwamba wale chakula chumbani. Ikiwa Lourdes, mji wa wagonjwa, haukuwa na nafasi kwao, wangeipata wapi?

Habari hiyo ilimfikia Bibi Marie-Hélène Mathieu, aliyeanzisha ofisi ya Kikristo ya kuwasaidia walemavu mwaka wa 1963. Yeye na Jean Vanier wakatengeneza hija nyingine. (Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2020, baada ya Vanier kufa, ulionyesha kwamba yeye aliwanyanyasa wanawake kadhaa.)

Wakati wa Pasaka ya 1971 walifika Lourdes watu 12,000 kutoka nchi 15, na 4,000 kati yao walikuwa walemavu wa akili. Walikuwa wamejiandaa makwao katika vikundi vya watu kama 30: wazazi, watoto wao, na marafiki, hasa vijana. Ilidhaniwa kwamba baada ya hija vikundi hivyo vitavunjika, lakini wenyewe walikataa kuachana. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha Imani na Nuru. Hata leo wanachama hukutana kila mwezi, wakala, wakasali na kucheza pamoja, na mama akapata mama mwenzake wa kumweleza yaliyo moyoni.