Je, Wajua? Wauza Bima ya Maisha Walivyojijengea Jina

Wakala wa bima ya maisha anauza ahadi, na mnunuzi hatakuwepo siku ya kuhakikisha kama ilitimizwa. Biashara ya namna hiyo haiendi bila kuaminiana, na suti na tai pekee haziwezi kununua imani ya mtu. Twende Marekani, ambako mawakala wana chama cha taifa chenye umri wa zaidi ya miaka 130, tuone kilivyokua. Kisha turudi huku kwetu.

KAMISHENI CHINI YA MEZA

Je, wajua kwamba National Association of Life Underwriters, chama cha taifa cha mawakala wa bima ya maisha wa Marekani, kilianzishwa Boston mwaka 1890? Baadhi ya miji ilikuwa tayari na vyama vyake, na chama kipya kikawa mwavuli wa vyama hivyo.

Je, wajua adui wa kwanza wa chama hicho alikuwa nani? Alikuwa wakala mwenzao, yule aliyemrudishia mteja sehemu ya kamisheni kwa siri. Tuseme ada ya mwaka wa kwanza ni dola 100, na kamisheni ya wakala ni dola 50. Wakala wa asubuhi anamtajia mteja bei kamili na kumwachia fomu. Wa jioni anakuja na neno la pembeni: "Lipa 100, mimi nitakurudishia 25." Mteja anakata bima kwa wa jioni. Jirani yake, asiyejua kubembeleza bei, analipa dola 100 zote kwa bima ile ile. Mwaka wa pili hakuna cha kurudishiwa, mteja anahisi ada imepanda, anaacha kulipa, na bima inakufa. Hapo kampuni imepata hasara, mteja hana kinga, na wakala mwaminifu amekosa mkate.

Je, wajua kwamba ugomvi huo ulifikishwa bungeni? Majimbo yalianza kuupiga marufuku mchezo huo mwishoni mwa miaka ya 1880, na chama kikashikilia bango hilo kwa miaka mingi. Wakosoaji nao hawakunyamaza. Walisema sheria hiyo inamlinda wakala kuliko mteja, kwa kuwa inazuia ushindani wa bei. Florida, mahakama ya juu ya jimbo iliiangusha mwaka 1986. California, wapiga kura waliifuta mwaka 1988.

Je, wajua kwa nini chama kilipeleka kilio chake kwa majimbo, si kwa serikali kuu? Ni kwa sababu ya wakala mmoja wa Virginia, Samuel Paul, aliyeuza bima ya moto ya kampuni za New York bila leseni ya jimbo lake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1869 ikaamuliwa kwamba bima haihesabiwi kuwa biashara kati ya majimbo, hivyo kila jimbo lijitungie sheria. Uamuzi huo ulipinduliwa mwaka 1944, lakini mwaka 1945 Bunge la Marekani likayarudishia majimbo usukani kwa sheria ya McCarran-Ferguson. Ndiyo maana chama cha mawakala kimejipanga kwa ngazi za mji, jimbo na taifa: panapotungwa sheria, sharti wawepo watu wake.

Je, wajua kwamba mawakala walishindana na vyama vinavyofanana sana na vyama vyetu vya kufa na kuzikana? Mwaka 1868, huko Meadville, Pennsylvania, John Jordan Upchurch alianzisha Ancient Order of United Workmen. Mwanachama akifariki, kila aliyebaki anatoa dola 1, na mchango unapelekwa kwa familia. Utaratibu ulipendeza vijana walipokuwa wengi. Wanachama walipozeeka, misiba ikafuatana, michango ikawa mzigo, na vyama vingi vya aina hiyo vikalazimika kukaa chini na kupiga hesabu upya.

Je, wajua kwamba mwanamke mmoja aliona pengo katika vyama hivyo? Bina West wa Port Huron, Michigan, aliwakusanya wanawake mwaka 1892 wakaweka bima ya maisha yao wenyewe, wakati ambapo wengi walidhani bima ni ya baba peke yake.

KASHFA, KISHA DARASA

Je, wajua kwamba mwaka 1905 kampuni kubwa za bima ya maisha za New York zilianikwa hadharani? Kamati ya bunge la jimbo, iliyojulikana kama Kamati ya Armstrong, ilifukua matumizi ya anasa, fedha zilizopelekwa kwa wanasiasa, na vita vya kamisheni vilivyokula akiba za wateja. Aliyewahoji wakubwa hao alikuwa wakili Charles Evans Hughes. Mwaka uliofuata alichaguliwa gavana wa New York, na mwaka 1930 akawa Jaji Mkuu wa Marekani.

Je, wajua kwamba alama ya kashfa hiyo bado ipo kwenye vitabu vya sheria? New York iliweka kikomo cha gharama za kutafuta wateja, na mpaka leo kamisheni ya mwaka wa kwanza ya wakala wa bima ya maisha ina dari yake kisheria: asilimia 55 ya ada.

Je, wajua kwamba kazi hii ilipata profesa wake? Solomon Huebner alianza kufundisha bima katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1904. Mwaka 1924 aliuambia mkutano mkuu wa mawakala kwamba uwezo wa mtu wa kuchuma ni mali, na mali hiyo hukadiriwa kama nyumba inavyokadiriwa: mtu atachuma kiasi gani mpaka astaafu, atatumia kiasi gani mwenyewe, na familia itabakiwa na nini. Wakala akaacha kuuza hofu ya kifo, akaanza kuuliza maswali ya mapato na matumizi.

Je, wajua kwamba mwaka 1927 Huebner na viongozi wa chama walianzisha American College, chuo cha kuwasomesha na kuwatahini mawakala? Aliyefaulu aliruhusiwa kuandika CLU baada ya jina lake, kama mhasibu anavyoandika CPA. Mtihani haukuwa wa lazima kisheria. Ulikuwa njia ya kumtenga mwenye kujua na mbabaishaji.

Je, wajua kwamba mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa Marekani alikuwa mtu wa bima? Charles Ives aliendesha na mwenzake uwakala mkuu wa kampuni ya Mutual Life jijini New York, Ives & Myrick. Mchana aliwafundisha mawakala kukokotoa kiasi cha bima kinachoitosha familia; muziki aliutunga usiku na mwisho wa wiki. Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa simfonia yake ya tatu, aliyokuwa ameitunga miongo kadhaa nyuma.

Je, wajua kwamba Frank Bettger, wakala mashuhuri wa Philadelphia, alitoka uwanjani? Alichezea timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals mwaka 1910, mkono ukaumia, akaingia kwenye bima.

MEZA YA MILIONI

Je, wajua kwamba mwaka 1927 huohuo, mawakala 32 walikaa pamoja katika hoteli ya Peabody mjini Memphis, Tennessee, wakaanzisha Million Dollar Round Table? Kiongozi wao alikuwa Paul Clark wa Boston. Sharti la kukaa mezani lilikuwa kuuza bima ya dola milioni 1 kwa mwaka. La ajabu zaidi ni walichokifanya pale: washindani wa kampuni mbalimbali walipeana siri za kazi.

Je, wajua kwamba meza hiyo ina madaraja? Juu ya daraja la kawaida kuna Court of the Table, kwa aliyefikisha mara 3 ya kiwango, na Top of the Table, kwa aliyefikisha mara 6. Viwango huwekwa kulingana na nchi ya wakala, na wanachama, ambao ni makumi ya maelfu, wengi wako nje ya Marekani, hasa Asia.

Je, wajua kwamba mji mdogo si kisingizio? Ben Feldman aliishi East Liverpool, Ohio, mji wa viwanda vya vyungu na sahani, na kutoka hapo akawa mmoja wa wauzaji wakubwa wa bima ya maisha waliowahi kutokea. Mwaka 1992 kampuni yake, New York Life, ilitangaza shindano la mauzo la mwezi wa Februari kwa heshima ya miaka yake 50 kazini. Aliyeshinda ni Feldman mwenyewe, akiwa na umri wa karibu miaka 80.

WALIOACHWA NJE

Je, wajua kwamba mwaka 1881 kampuni ya Prudential ya Marekani ilipunguza kwa theluthi moja mafao ya wateja weusi, huku ada ikibaki ileile? Weusi wakajenga kampuni zao. North Carolina Mutual ilianzishwa Durham mwaka 1898, na mwaka 1921, mjini humohumo, kampuni za weusi zikaunda umoja wao, National Negro Insurance Association.

Je, wajua kwamba si mawakala wote waliridhika na chama cha kitaaluma? Waliotembea nyumba kwa nyumba kukusanya senti za kila wiki walitaka chama cha wafanyakazi. Mwishoni mwa 1951 maelfu ya mawakala wa Prudential waligoma. Miaka michache baadaye wakabuni mbinu nyingine wakati wa majadiliano ya mkataba: wakachelewa kuripoti ofisini na wakagoma kuandikisha wateja wapya. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mbinu hizo peke yake si ushahidi kwamba chama chao kilikataa kujadiliana kwa nia njema.

Je, wajua kwamba chama cha 1890 kimebadili jina? Mwaka 1999 sheria ya Gramm-Leach-Bliley ilibomoa ukuta kati ya benki, bima na masoko ya hisa. Wakala wa bima akajikuta anauza pia mipango ya kustaafu na uwekezaji. Karne mpya ilipoingia, chama kikawa National Association of Insurance and Financial Advisors.

HUKU KWETU

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, tupitie India. Je, wajua kwamba nchi hiyo ilitaifisha bima ya maisha mwaka 1956, ikaunganisha makampuni 245 kuwa shirika moja, LIC? Mawakala wake leo ni zaidi ya milioni 1, na wana shirikisho lao la kuwasemea kuhusu kamisheni na masharti ya kazi.

Je, wajua kwamba wakala wa Tanzania Bara aliwahi kuwa na tajiri mmoja tu? Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likapewa soko lote mwaka 1967, na milango ikafunguliwa tena kwa sheria ya 1996. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inafanya kazi chini ya sheria ya 2009. Siku hizi wakala ana mshindani mwingine dirishani: benki nazo zinauza bima.

Je, wajua kwamba Kenya haimruhusu mtu kuuza bima kwa ulimi mtamu pekee? Anayetaka uwakala husoma kwanza kozi ya cheti cha umahiri, maarufu kama COP, kisha huomba leseni ya IRA, mamlaka ya kusimamia bima nchini humo. Makampuni, kupitia umoja wao wa AKI, huwatuza mawakala bora.

KABLA HUJATIA SAINI

Je, wajua kipimo ambacho watu wa bima wenyewe hukiheshimu? Mauzo ya mwezi huu yanaweza kuwa ya ndugu na marafiki waliosaini kwa kuona haya. Kipimo chenye uzito ni bima ngapi bado zinalipiwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo wakala akija kwako, omba kwanza leseni yake, hakikisha malipo yanaingia kwenye akaunti ya kampuni wala si kwenye simu yake, kisha muulize: "Kati ya wateja wako wa mwaka juzi, wangapi wanalipa mpaka leo?" Anayejibu kwa namba bila kubabaika, mkaribishe aketi.