Kinachofunikwa Kwanza ni Akili

Fungua sufuria ya unga wa mahamri ulioachwa uumuke usiku kucha. Kabla pua haijafikia iliki na tui la nazi, kuna harufu nyingine kali kidogo inayopanda na kupotea upesi. Hiyo ni pombe. Ni kidogo mno, na mafuta ya moto huivukiza, kwa hiyo hakuna anayelewa kwa mahamri. Lakini kazi iliyofanyika chini ya kile kitambaa ndiyo ileile inayofanyika katika kata ya tembo la mnazi, katika pipa la busaa na katika chupa ya bia. Hamira ni vijidudu hai vya jamii ya kuvu. Hula sukari, kisha hutoa vitu viwili: hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo huumua unga, na ethanoli, ambayo ndiyo pombe yenyewe. Mpishi anaitaka hewa, mgema anaitaka ethanoli.

Jina hamira tumelipata kwa Waarabu, na lina ndugu wawili wanaojulikana sana Riyadh na Jeddah. Wa kwanza ni khamri, yaani kileo. Wa pili ni khimari, ushungi wa mwanamke. Yote yanatoka katika shina moja lenye maana ya kufunika. Unga hufunikwa, kichwa hufunikwa, na wanazuoni wa fikihi wakaeleza khamri kuwa ni kila kinachofunika akili. Hawakuwa na darubini wala maabara, lakini walikipima kileo kwa kile kinachomfanyia mtu, na sayansi ya ubongo leo inakipima hivyohivyo.

Jeddah ndiko kufunikwa huko kulikogeuza sheria ya nchi nzima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, pombe ilikuwa haramu kwa Waislamu wa Saudi Arabia, lakini wageni wasio Waislamu waliachiwa wanywe majumbani mwao. Mnamo Novemba 1951, Mwanamfalme Mishari, mmoja wa wana wa Mfalme Abdulaziz, alikunywa katika karamu ya Cyril Ousman, makamu wa balozi mdogo wa Uingereza mjini humo. Alipotaka kuongezewa, akanyimwa. Mambo yaliishia kwa risasi, na Ousman akafa. Mwaka uliofuata mfalme akafunga mlango kwa wote, wenyeji na wageni.

Kijana wa kifalme asiyekosa kitu duniani aliua kwa sababu ya glasi moja. Tukitaka kuelewa inawezekanaje, tuifuate glasi hiyo baada ya kumezwa.

Molekuli ya ethanoli ni ndogo sana, na inayeyuka katika maji na pia katika mafuta. Ndiyo maana hakuna ukuta mwilini unaoizuia. Sehemu ndogo, kama moja ya tano, huingia damuni kupitia tumbo; iliyobaki hupita katika utumbo mwembamba, na kwa haraka zaidi. Aliyekula ugali kwanza huchelewa kulewa, kwa kuwa chakula huikalisha pombe tumboni na kuiachia utumboni kidogokidogo. Mwanamke akinywa sawa na mwanamume wa uzito wake, damu yake kwa kawaida hubeba pombe nyingi zaidi, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimulia.

Ini huanza kazi papo hapo. Kimeng'enya cha kwanza huigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe. Cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Lakini ini halina haraka. Kwa watu wengi husafisha gramu 7 hadi 10 hivi za pombe kwa saa, uwe na shughuli au umelala. Chupa ya bia ya nusu lita yenye pombe ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Hesabu ni nyepesi: chupa moja ni kazi ya saa mbili au tatu. Kahawa kali, ndimu, maji baridi ya kujimwagia kichwani, vyote haviharakishi lolote. Vinampa mlevi macho makavu, si akili iliyorudi.

Wakati ini linahangaika, damu imeshaipeleka pombe kichwani. Ubongo huendeshwa kwa mizani ya ishara mbili kubwa. Moja inaitwa gaba, nayo ni breki. Nyingine ni glutameti, nayo ni moto wa injini. Pombe huikanyaga breki na papo hapo huupunguza moto. Ulevi basi ni ubongo unaozimwa, wala si ubongo uliochangamka kama tunavyodhani tukimwona mtu anapayuka na kucheka.

Mbona basi anachangamka? Kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huguswa mapema. Hapo ndipo hukaa mlinzi wetu: anayepima matokeo, anayezuia ulimi, anayesema yatosha. Mlinzi akisinzia, waliokuwa wakizuiwa hutoka uwanjani. Aibu hupungua, hasira hukosa wa kuikalisha chini. Wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza mwaka 1990 kwamba pombe humpa mtu uoni finyu: huona kilicho mbele yake tu, na cha kesho hukiona kwa mbali kama hakipo. Mwenye huzuni hubaki na huzuni yake peke yake, na aliyenyimwa glasi hubaki na ile glasi.

Baadaye huyumba, kwa sababu ubongo mdogo wa kisogoni, unaosimamia mizani ya mwili, nao umefikiwa. Kisha hupoteza kumbukumbu: anazungumza, anatembea, pengine anaendesha gari, lakini hipokampasi imeacha kuandika, na asubuhi hana habari ya lolote. Akizidi, pombe hufika kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi. Hapo mtu hufa usingizini, au husongwa na matapishi yake. Aliyelewa hadi haamshiki asiachwe peke yake eti alale itamtoka. Alazwe kwa ubavu, akaliwe karibu, aitiwe msaada.

Ikiwa mambo ndiyo haya, kwa nini watu hunywa? Jibu la kweli ni kwamba pombe inapendeza. Huchochea dopamini, ishara inayoufundisha ubongo kwamba jambo hili lirudiwe. Huondoa wasiwasi kwa muda, huwafanya wageni kuwa marafiki. Qur'ani yenyewe, katika hatua za mwanzo za katazo, haikukana kwamba ndani yake mna manufaa. Ilisema dhambi yake ni kubwa zaidi.

Tena mapenzi hayo ni ya kale kuliko binadamu. Robert Dudley wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amekuwa akifundisha kwamba mababu zetu walifuata harufu ya pombe msituni kwa sababu iliwaelekeza kwenye matunda yaliyoiva. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba yapata miaka milioni 10 iliyopita, babu aliye wa pamoja wa binadamu, sokwe na gorila alipata badiliko dogo katika kimeng'enya kimoja, na uwezo wake wa kusaga ethanoli ukaongezeka kama mara 40. Mwaka 2025 kikundi cha Dudley kilitoa vipimo vya matunda yanayoliwa na sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, na wa Taï nchini Ivory Coast. Kwa kuwa sokwe hula kilo kadhaa za matunda kwa siku, humeza gramu 14 hivi za pombe kila siku, na hawalewi, maana pombe hiyo imetawanyika katika matunda ya kutwa nzima. Tumbo lao hujaa kabla kichwa hakijafikiwa. Binadamu aliitoa pombe ndani ya tunda, akaziacha nyuzinyuzi zinazoshibisha, kisha akajifunza kuikeneka mpaka ikawa kali kuliko chochote ambacho ini lililetwa duniani kukabiliana nacho.

Je, ni busara kunywa? Kwa upande wa afya, ile hoja ya zamani kwamba kidogo kila siku kinalinda moyo imedhoofika sana. Tafiti nyingi za nyuma ziliwahesabu miongoni mwa wasiokunywa watu walioacha kwa sababu ya ugonjwa, na wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kwa kulinganishwa nao. Tangu 1988, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Takwimu zake za mwaka 2019 zinahesabu vifo milioni 2.6 duniani vilivyotokana na pombe, milioni 2 kati yake vikiwa vya wanaume.

Lakini hoja nzito kwangu ni ile ya mlinzi. Tunaambiwa kila siku tunywe kwa busara. Busara hiyo hukaa mahali palepale ambapo pombe huingia mapema. Glasi ya kwanza hupimwa na mtu mwenye akili timamu. Ya nne hupimwa na mtu ambaye mlinzi wake amelala. Pombe si chai: chai haimgusi anayeihesabu.

Sheria ya mwaka 1952 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kumwondolea kila mtu uamuzi. Huenda imewaokoa wengi, na takwimu za unywaji za Saudi Arabia ni miongoni mwa za chini kabisa duniani. Hata hivyo sukari, maji na hamira haviwezi kukatazwa, maana ndivyo vya mkate. Nyuma ya kuta za makazi ya wageni kumekuwa na gongo la kienyeji linaloitwa sidiki, kutoka neno la Kiarabu la rafiki yangu. Jina ni tamu. Hatari ni kwamba katika soko la siri hakuna anayejua chupa imejazwa nini.

Kinachoogopesha zaidi ni methanoli, binamu wa ethanoli anayetumika viwandani, mwenye harufu na ladha ya kudanganya. Mara nyingi maafa makubwa hutokea pale muuzaji anapoongeza pombe ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na kipato kiwe kikubwa. Ini huipokea methanoli kwa vimeng'enya vilevile, lakini mwisho wake ni asidi ya fomiki, ambayo huzinyima seli uwezo wa kutumia oksijeni. Mishipa ya macho huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia. Mnywaji huweza kujisikia mlevi wa kawaida, akalala, na baada ya saa 12 au 24 akaamka na tumbo linalouma, pumzi za haraka na ukungu machoni. Sisi tunayajua maafa hayo: Mukuru, Nairobi, mwaka 2000, ambako zaidi ya watu 100 walikufa, na Kabale, Uganda, mwaka 2010. Agosti 2025 zamu ikawa ya Kuwait, nchi jirani yenye katazo kama la Saudi Arabia: wizara ya afya ilihesabu wagonjwa 160 na vifo 23, wengi wao wafanyakazi kutoka Asia.

Dawa ipo, na inafanya kazi ikiwahi: hukizuia kimeng'enya kisiigeuze methanoli kuwa sumu, huku mashine ya kusafisha damu ikiitoa. Ule muda wa kuchelewa kwa sumu ndio mlango wa kumwokolea mtu. Mfanyakazi anayeogopa kufungwa au kurudishwa kwao huutumia muda huo kujificha chumbani. Kwa ndugu zetu walioko Riyadh, Jeddah na kwingineko Ghuba, neno ni moja: ukungu machoni baada ya kunywa ni jambo la hospitali saa hiyohiyo. Kesi huweza kusikilizwa baadaye. Jicho halirudishwi na hakimu.

Kuna pia hatari ya upande wa pili. Mchukulie mtu aliyekuwa akinywa kila siku kwa miaka, akapanda ndege kwenda kazini Riyadh. Kwa miaka hiyo ubongo wake ulijizoesha: ulilegeza breki zake na kuongeza moto ili uhimili pombe. Breki ya pombe ikiondolewa ghafla, moto hubaki. Siku ya kwanza mikono hutetemeka na jasho humtoka. Kati ya saa 24 na 48 anaweza kupata degedege. Siku ya tatu huenda akaona vitu ambavyo havipo, na mwajiri akadhani ni malaria au wazimu. Mlevi wa aina hii asiache peke yake kwa mkupuo; aache chini ya daktari, ambaye humpa dawa ya kuiachia breki taratibu. Saudi Arabia yenyewe ililitambua hilo: katika miaka ya 1980 ilifungua hospitali za uraibu zilizoitwa al-Amal, yaani Matumaini, zikiwemo za Riyadh na Jeddah.

Mlango wa 1952 sasa umeachwa wazi kidogo. Januari 2024 duka la kwanza la pombe lilifunguliwa katika mtaa wa mabalozi, Riyadh, kwa wanadiplomasia wasio Waislamu. Kwa kanuni za wakati huo, mteja alijisajili kwa programu ya simu, na simu hiyo ilifungiwa katika kifuko maalumu awapo ndani. Kila mwezi alipewa pointi 240: lita ya pombe kali ilikuwa pointi 6, ya mvinyo 3, ya bia 1. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja aliweza kuchukua lita 40 za pombe kali kwa mwezi. Kompyuta huhesabu bila kuchoka, lakini huhesabu chupa zinazotoka dukani tu. Glasi zitahesabiwa nyumbani, na mhesabuji atakuwa yule anayekunywa.

Kwa hiyo anayetaka kuwa na busara na pombe ana wakati mmoja tu wa kuwa nayo, nao ni kabla ya funda la kwanza, mlinzi angali macho na kitambaa hakijafunika sufuria. Mimi, nikiyajua ninayoyajua kuhusu mlinzi huyo, simpi chochote cha kumlaza.