Joto Lisilotoka Juani: Mshtarii na Miezi Yake

Mhudumu wa afya anayemshika mtoto mwenye homa kali na kukuta vidole vyake ni vya baridi hashangai sana. Anajua kwamba ngozi ina joto lake, na viungo vya ndani vina joto lake. Atakayepima cha kwanza na kusahau cha pili atakosea utambuzi. Tofauti ya namna hiyo, ila kubwa kupita kiasi, inaonekana katika miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii.

Mshtarii iko mbali na jua kwa takriban mara 5 ya umbali wa dunia, na mwanga unaoifikia ni kama sehemu moja kati ya 27 ya ule unaoifikia dunia. Kwa mwanga hafifu hivyo, uso wa Io, ulio karibu zaidi na sayari kati ya ile miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, una baridi ya nyuzi 130 hivi chini ya sifuri. Kila baada ya saa 42 na nusu Io hupita katika kivuli cha Mshtarii, na katika muda huo wa saa 2 hivi hewa yake nyembamba ya dioksidi ya salfa huganda na kuanguka chini kama umande. Hata hivyo, juu ya uso huohuo hutiririka lava yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kutoka katika volkano hai zinazohesabiwa kwa mamia. Hakuna mahali pengine panapojulikana katika mfumo wa jua penye volkano nyingi kiasi hicho.

Dhana ya kwanza inayomjia mtu ni kwamba Mshtarii ni jiko kubwa linaloota miezi yake. Dhana hiyo si ya kipuuzi. Sayari hiyo hutoa joto jingi kuliko inalopokea kutoka juani, mabaki ya joto la kuumbwa kwake, na inaaminika kwamba ilipokuwa changa iliwaka kiasi cha kuifukuza barafu isikae karibu nayo. Alama yake ingali inaonekana: Io ni mwamba mtupu, ilhali Ganymede na Callisto, zilizo mbali zaidi, ni mchanganyiko wa mwamba na barafu. Lakini leo vilele vya mawingu ya Mshtarii vyenyewe vina baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Jiko lililopoa hivyo haliyeyushi mwamba.

Kinachofanya kazi leo ni mvuto. Watu wa pwani huujua kwa kupwa na kujaa kwa bahari: mwezi huyavuta maji ya upande ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko ya upande wa pili, na wakati wa bamvua tofauti ya kina katika pwani ya Afrika Mashariki hufikia karibu mita 4. Sasa Io iko mbali na Mshtarii kwa kilomita 422,000, umbali usiopishana sana na ule uliopo kati ya dunia na mwezi wake, lakini Mshtarii ina uzito wa dunia 318. Kwa hesabu za wataalamu, ardhi ngumu ya Io, si maji, huinuka na kushuka kwa kiasi kinachoweza kufikia mita 100.

Kuvutwa peke yake hakuleti joto. Io huielekezea Mshtarii uso mmoja daima. Kama njia yake ingekuwa duara kamili, uvimbe unaotokana na mvuto ungekaa mahali pamoja bila kubadilika. Joto huzaliwa kwa sababu njia hiyo ni duaradufu kidogo: Io husogea karibu, ikakazwa, husogea mbali, ikalegezwa. Waya unaokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi huwa moto mahali unapokunjwa, na ndivyo mwamba wa ndani ya Io unavyopata moto. Msuguano huo ungepaswa kuinyoosha njia iwe duara, na homa ikaisha. Majirani ndio wanaozuia: Ganymede ikizunguka mara 1, Europa huzunguka mara 2 na Io mara 4, na misukumo yao, kwa kuwa hurudiwa mahali palepale, hairuhusu duara kukamilika.

Stanton Peale na wenzake wawili walichapisha hesabu hii tarehe 2 Machi 1979. Siku 3 baadaye chombo cha Voyager 1 kilipita karibu na Mshtarii, na tarehe 9 Linda Morabito, aliyekuwa akichunguza picha za kuongozea chombo hicho, akaona wingu limesimama juu ya ukingo wa Io. Lilikuwa la volkano. Ni nadra utabiri kuthibitishwa katika wiki ileile.

Europa hukandwa vivyo hivyo, kwa upole zaidi, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Chini ya barafu yake, ushahidi unaelekeza kwenye bahari ya chumvi yenye maji mengi kuliko bahari zote za dunia. Callisto, isiyo katika mnyororo ule wa majirani, inafaa kuwa kundi la kulinganishia: uso wake umejaa makovu ya kale ambayo hakuna moto wa ndani uliowahi kuyafuta.

Anayetafuta uhai asiutafute juu. Mionzi inayonaswa na sumaku ya Mshtarii huupiga uso wa Europa kwa dozi inayokadiriwa kuzidi sivati 5 kwa siku, kiasi ambacho wataalamu wa mionzi hospitalini wanajua kinaweza kuua. Barafu ndiyo kinga. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika katika sayari hiyo mwaka 2030 kikiwa na kamera ya joto, itakayopapasa ngozi ya Europa kutafuta mahali ambapo barafu imepata uvuguvugu kutoka chini.